Barua za babu: msizichome bado

Swali

Mwalimu, shikamoo. Babu mzaa baba alifariki mwaka 1987. Bibi naye alipofariki mwaka jana tulikuta darini sanduku la mbao lenye barua thelathini na moja zilizofungwa kwa uzi. Nyingi ni za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bahasha nne zina stempu za Kongo. Nyumbani tumekua tukisikia kwamba kaka yake babu alikwenda Kongo kwa biashara na hakurudi tena. Wako wanaosema alikufa kwa ndui, na wako wanaosema alikimbia deni. Ustadh mmoja alitusomea barua mbili akasema ni salamu tu. Ami anataka zichomwe, kwa kuwa zina majina ya Mwenyezi Mungu na haifai zikanyagwe. Je, barua kama hizi zinamfaa kitu mtu wa historia, au tunajisumbua? Msomaji, Tanga.

Jibu

Marahaba, dada yangu. Nianze na ami yako, maana yeye ndiye mwenye kiberiti.

Hofu yake ni ya haki na siidharau. Sote tumelelewa tukiambiwa karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani wala haifungiwi karanga. Lakini kuchoma ni njia ya mtu aliyekosa pa kuiweka, na nyinyi mnapo. Mwambieni zitakaa juu ya kabati, ndani ya kitambaa safi, palepale unapokaa msahafu, na kwamba hatazigusa mtu kabla hajanawa mikono na kuikausha. Utaratibu huo ndio wetu pia sisi wa nyaraka, tofauti ni nia tu. Akiwapa miezi sita imetosha.

Sasa nije kwa ustadh. Amesema kweli: ni salamu tu. Mimi mtu akiniletea barua za zamani na kuniambia ni salamu tu, hapo ndipo ninapovuta kiti.

Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana. Watu wakionana, kwanza huulizana hali, na barua ya Kiswahili ya zamani nayo hufanya hivyohivyo. Inaanza na utukufu wa anayeandikiwa, inafuata dua, kisha "ama baadu, nakuarifu mimi hali yangu njema", kisha "khati yako imewasili na yote uliyoyataja nimeyafahamu". Katikati pana jambo lenyewe, pengine mistari mitatu tu, ya pembe au nguo au deni. Halafu zinarudi salamu: nisalimie fulani, na fulani, na mama fulani, na watoto wote, na kila atakayeniulizia. Msomaji wa leo huiruka sehemu hiyo. Asiiruke, kwa sababu hiyo ndiyo sensa ya nyumba. Tuseme barua tano za mwanzo zinamsalimu Bibi Zuhura kwa jina, ya sita inamruka, na ya saba inasema "Mungu amrehemu". Umeshajua Bibi Zuhura alifariki baina ya barua zipi, na hakuna aliyekusudia kukuambia. Au jina geni linaingia kutoka upande wa pili: "anakusalimu mama wa watoto". Watoto gani tena? Kumbe bwana kaoa huko aliko.

Kwa hiyo chukueni daftari, mchore jedwali, barua moja mstari mmoja, na majina yote ya salamu kwa mpangilio wake. Ni kazi ya kuchosha, na sijui nyingine inayolipa kama hiyo. Mwandishi wa barua hujipanga vizuri kwa yale anayojua ataulizwa. Deni atalieleza kwa hoja, na ugomvi ataufunika. Lakini anapomsalimu mama yake hajipangi.

Nikuonyeshe jambo hili kwa mtu maarufu, tena katika njia ileile ya Kongo.

Mwanzoni mwa mwaka 1871 David Livingstone alikuwa amekwama Kabambare, nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo ya leo. Alikuwa mgonjwa, karatasi zimemwishia, na wino pia. Wino akaja kuutengeneza kwa zingifuri, zile mbegu nyekundu za kutilia rangi. Karatasi akazipata katika gazeti kuukuu la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akawa anaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, mistari yake ikiikata ile ya gazeti. Tarehe 4 Februari 1871 waliwasili watu kumi waliotumwa kwake kutoka pwani. Aliandika kwamba barua iliyomfikia ni moja tu, na arobaini hazijulikani ziliko. Ifikirie idadi hiyo, dada yangu, unapohesabu thelathini na moja zako. Kesho yake, tarehe 5, alimwandikia rafiki yake Horace Waller wa Uingereza barua kwenye vipande vya karatasi, barua ya mtu aliyevunjika moyo, na akamtaka mambo mengine yabaki baina yao.

Barua hiyo ilikaa zaidi ya miaka mia moja na thelathini bila kusomeka. Wino ulififia, na maandishi ya upande mmoja yakajitokeza upande wa pili. Ilisomwa mwaka 2010, pale watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipoipiga picha kwa mwanga wa aina nyingi, mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule wa juu ya zambarau ambao jicho halioni hadi ule wa chini ya nyekundu ambao pia halioni. Kila wino na kila karatasi huupokea mwanga kwa namna yake. Unakuta mwanga fulani unaufuta wino wa gazeti na kuuacha wa zingifuri, au kinyume chake. Kompyuta inazilaza picha zile moja juu ya nyingine, na maneno yanatoka kama sura kwenye kioo kilichofutwa ukungu.

Baada ya barua wakaligeukia lile gazeti, yaani shajara yake ya 1871. Hapo palikuwa na fumbo la uzito mkubwa. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, watu wa msafara wa Dugumbe, mfanyabiashara aliyetoka pwani, waliwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Waliojitupa mtoni wakazama. Hesabu aliyoipata Livingstone ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo aliisafirisha Stanley, ikawatikisa Waingereza, na ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, kuja Unguja mwaka 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Ni dhahiri basi kwamba maelezo ya siku ile moja ya soko yalikuwa na kazi kubwa.

Lakini maelezo yepi? Dunia ilikuwa imesoma yale Livingstone aliyoyanakili upya kwa utulivu katika daftari lake la safari, kisha Waller akayahariri na kuyachapisha mwaka 1874 baada ya mwenyewe kufariki. Andiko la mwanzo, lile la zingifuri juu ya gazeti, halikuwa likisomeka. Liliposomeka, mwaka 2011, likaonekana halilingani na nakala safi. Katika lile la mwanzo Livingstone analalamika kwa ukali zaidi juu ya wafuasi wake mwenyewe, wale watu kutoka pwani waliokuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kibaniani wa Unguja, na vurugu zao. Katika nakala safi mambo yamepigwa pasi. Wisnicki akafika hadi kuuliza kama baadhi ya watu wa Livingstone mwenyewe hawakuwa na mkono katika mauaji yale. Sikuambii limethibitishwa, na mimi kwa upande wangu naona ushahidi ni wa kuhisi zaidi kuliko wa kushika. Ila swali lenyewe lisingeweza hata kuulizwa bila ile karatasi chafu.

Na pembeni kidogo: daftari za mwisho za Livingstone zilibebwa hadi pwani na wafuasi wake, akina Chuma na Susi, pamoja na maiti yake, kutoka kwa Chitambo mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi. Tukizungumza habari za wahifadhi wa nyaraka katika nchi zetu, tuanze na hao.

Kwako wewe maana yake ni hii. Barua za sandukuni ni zile babu alizopokea. Alizoandika yeye zilikwenda zilikokwenda. Lakini watu wa biashara walikuwa na desturi ya kuandika rasimu, au kubaki na nakala. Tazama migongo ya karatasi. Tazama vipande visivyo na salamu, vilivyokatwakatwa na kuandikwa juu. Watu hudhani ni takataka na huanza kutupa hivyo. Ukikuta rasimu ya babu yenye maneno yaliyofutwa, usome kwanza yaliyofutwa.

Mfano wangu wa pili hauna haja ya sanduku. Bila shaka umeshaupokea kwenye simu.

"Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, aliota ndoto..." Unaujua. Mtume anamlalamikia hali ya umma wake, anamtajia wangapi wamekufa bila imani tangu Ijumaa ile hadi Ijumaa hii, anamweleza dalili za Kiama. Mwishoni inakuja amri: utakayeusoma uusambaze, usiposambaza litakupata la kukupata. Hapo watu hufanya mambo mawili, hufuta au hutuma kwa kundi la familia. Ninalotaka ujue ni kwamba waraka huo una umri mkubwa kuliko simu, na uliwahi kuitia serikali nzima kiwewe.

Mwaka 1908 nakala za waraka wa namna hiyo zilianza kuonekana Lindi, kisha miji mingine ya pwani, na bara pia. Wajerumani waliuita barua ya Makka. Kumbuka mwaka. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa juzi tu, mwaka 1907, na kusini makaburi na njaa bado ni mbichi. Serikali ya Gavana Rechenberg ikaona karatasi inayosema dunia inakwisha, inapita mkono kwa mkono misikitini, kwa herufi ambazo maofisa wake wengi hawakuzisoma. Wakahisi njama. Uchunguzi ukaelekeza kidole Unguja, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule Rumaliza aliyewahi kutamba Ujiji na kupigana na Wabelgiji, na kwa jamaa yake aliyekuwako Lindi. Mzee aliyepokonywa ufalme wake wa biashara na Wazungu: mshukiwa bora kuliko huyo ungemtoa wapi? Mwanahistoria B. G. Martin, katika makala yake ya mwaka 1969, aliendelea na njia hiyohiyo, akiufunga waraka pamoja na Kadiria, tarika ya Kisufi, na upinzani dhidi ya ukoloni.

Sasa tazama barua zenyewe zinavyojibu. Mwaka 1884 Snouck Hurgronje, msomi wa Uislamu wa Kiholanzi, alikwishachapisha maelezo juu ya waraka wa wasia wa mwisho wa Mtume, ukiwa na ndoto ya mlinzi wa kaburi, unaozunguka katika visiwa vya Indonesia, wakati huo chini ya Uholanzi. Mwaka 1884! Wajerumani walikuwa bado hawajaitangaza hata hati yao ya ulinzi huku kwetu, hiyo ilikuja 1885. Mwaka 1911 Carl Heinrich Becker, msomi wa Kijerumani, alipozichambua nakala za Afrika Mashariki aliona ni za ukoo huo. Basi mtunzi wake hakuwa Lindi, wala hakuwa na habari ya gavana yeyote wa Dar es Salaam. Fumbo la "nani aliutunga dhidi ya Wajerumani" limekufa lenyewe, kwa sababu swali lilikosewa tangu mwanzo.

Linabaki lililo bora zaidi: kwa nini mwaka ule, na miji ile, watu wengi hivyo walikaa chini wakanakili? Kunakili kwa mkono ukurasa mzima si sawa na kubonyeza kitufe. Mtu aliyenakili alikuwa na karatasi, kalamu, saa nzima ya kukaa, na sababu. Mimi naamini sababu zilikuwa za watu waliotoka kwenye maafa wakitafuta maana yake, na kwamba mkono wa Rumaliza, kama ulikuwepo, ulikuwa wa mtu anayepitisha kitu kinachopita hata bila yeye. Wenzangu wengine watanibishia, nao wabishe.

Mbinu ya kupanga nakala inafaa kuijua, maana huenda na wewe ukaihitaji. Mnakili akiruka mstari, wote watakaonakili kutoka kwake watauruka. Akiandika elfu saba mahali pa elfu sabini, watoto wake wote watarithi elfu saba. Kwa hiyo hatufuatilii yaliyo sahihi, kwani usahihi unaweza kutoka popote. Tunafuatilia makosa. Nakala mbili zenye kosa moja la ajabu ni ndugu.

Kuna mfano wa tatu ambao nitaupitisha haraka. Maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yanayojulikana leo ni barua za Kilwa za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, walizoandikiwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Kati ya waandikaji wake yumo malkia wa Kilwa, Mfalme Fatima. Ndiyo, mfalme, na ni mwanamke; Kiswahili hakikuona tabu. Barua hizo haziko Kilwa, wala Lisbon. Ziko Goa, India. Kwa nini Goa? Kwa sababu wakati huo Msumbiji ilitawaliwa kutoka Goa, na Wareno, waliokwisha kupoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, walikuwa na hamu ya kila habari ya pwani hii. Karatasi huenda alikokaa mkubwa wa siku hizo. Ukitaka nusu ya pili ya barua za babu, usiulize kaka yake aliishi wapi. Uliza alikuwa chini ya serikali ipi.

Hapo ndipo ninapozirudia bahasha zako nne, na hapa naomba uwe makini.

Umesema zina stempu za Kongo, na nyumbani mmechukulia kwamba huo ni uthibitisho wa Kongo. Usiharakishe. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka kuja upande huu, yakaitwaa Kigoma na Ujiji na kufika hadi Tabora. Kigoma waliishika hadi mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Katika miaka hiyo posta ya huko ilikuwa yao, na stempu walizotumia zilikuwa hizohizo za Kongo, isipokuwa walizipiga chapa juu yake kwa Kifaransa na Kiholanzi kueleza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyokaliwa na Wabelgiji. Mtu aliyekaa Ujiji miaka hiyo, hajavuka ziwa hata siku moja, aliweza kutuma Tanga barua yenye stempu ya Kongo. Mtoto aliyeipokea mlangoni angesema nini? "Barua ya Kongo."

Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu, usome juu ya picha ya stempu. Ukiona maneno EST AFRICAIN ALLEMAND yamepigwa juu, barua ni ya wakati wa ukaliaji ule, na uwezekano mkubwa ilitumwa kutoka upande wetu wa ziwa. Ukiona CONGO BELGE peke yake, ni Kongo yenyewe, baada ya Ubelgiji kuichukua mwaka 1908. Ukiona ETAT INDEPENDANT DU CONGO, stempu ilichapwa zamani zaidi, enzi za Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Kisha tafuta muhuri wa posta, ule wa duara, maana stempu inaweza kununuliwa leo ikabandikwa mwakani, lakini muhuri una mji na siku. Na tafadhali asije kijana yeyote mwenye albamu akazing'oa stempu hizo. Akizing'oa, muhuri unabaki nusu kwenye stempu na nusu kwenye bahasha, na bahasha inakuwa kipande cha karatasi tu.

Ndani ya barua nako kuna saa nyingine zinazopiga. Fedha, kwa mfano. Mtu anayehesabu rupia na mtu anayehesabu shilingi hawako mwaka mmoja: shilingi iliingia Tanganyika mnamo 1921. Faranga ni mambo ya Wabelgiji. Tarehe ya Kiislamu nayo huandikwa kwa mkato, "sanat 36", wakikusudia 1336, ambayo ni kuanzia Oktoba 1917 hadi mapema Oktoba 1918. Wengine hawakutaja mwezi kwa Kiarabu, walisema "mfunguo sita". Hesabu kutoka Ramadhani: mfunguo mosi ni Shawwal, basi wa sita ni mwezi wa Maulidi. Na ukikuta "usiku wa Ijumaa", ujue anasema usiku ambao ofisini wangeuita wa Alhamisi, kwa sababu siku ya Kiswahili inaanza jua likizama. Nimeona watu wakibishana siku nzima juu ya barua mbili "zinazopingana" kwa siku moja, kumbe hakuna anayempinga mwenziwe.

Usomaji wenyewe utafutieni mtu wa Kiswahili cha zamani, maana kujua Kiarabu peke yake hakutoshi. Herufi za Kiarabu hazikuja na p, wala ch, wala v, na irabu zake ni tatu mahali pa tano zetu. Waandishi wengi wa zamani walitumia ba kwa b, p na mb, na nuni iliyo kabla ya d hawakuiandika. Kwa hiyo neno lililoandikwa ba-da unaweza kulisoma banda au panda, na penda na pinda ni kitu kimoja. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma barua ya mfanyabiashara nikaandika katika daftari kwamba mtoto wake kapelekwa kwa fundi. Nikaweka na maelezo marefu juu ya desturi ya kuwapeleka watoto kujifunza kazi za mikono. Mwalimu wangu akaniuliza, "Kwani hapa pameandikwa amepelekwa?" Nikatazama. Pameandikwa "umepelekwa". Mimi nilidhani mwandishi kakosea sarufi. Kumbe ni mtutu. Mtoto na mtutu kwa herufi zile vinaandikwa sawasawa, na bunduki ya mtu ilikuwa imeharibika, basi. Tangu siku hiyo nikiona mwandishi wa zamani amekosea sarufi, huwa najishuku mimi kwanza.

Huyo ustadh wenu mkimrudia, mwombeni asome kwa sauti neno kwa neno, mmrekodi, asiwape muhtasari.

Kabla ya hayo yote, pigeni picha. Kaeni karibu na dirisha asubuhi, bila taa ya simu. Kila karatasi pande zote mbili, hata upande usio na kitu, na bahasha pamoja na barua yake. Na kabla ya kuufungua uzi, pigeni picha ya fungu lilivyo na mziandike namba kwa mpangilio uleule, kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya barua. Babu alizipanga alivyozipanga kwa sababu. Pengine kwa mwaka, pengine kwa mtu, na pengine ile ya juu kabisa ndiyo aliyokuwa akiirudia.

Msizitie plastiki ya moto kama vitambulisho. Kuna familia ilinijia na barua zao zimefanywa hivyo kwa nia njema, zinang'aa kama menyu ya hoteli, na wino umeanza kuyeyukia kwenye plastiki. Hakuna wa kuzitoa. Msitumie gundi ya utepe, msizipige pasi, msizianike juani. Mifuko ya nailoni kwa joto la Tanga inatoa jasho. Boksi la karatasi lililo kavu, kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila rangi, na lisigusane na sakafu wala ukuta, maana mchwa haombi ruhusa. Baadaye, mkitaka kuonyesha mtu, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Unguja kuna Nyaraka pale Kilimani. Kuonyesha si kukabidhi. Nakala ya picha inawatosha, na asili ibaki kwenu kama ndivyo ukoo unavyotaka.

Juu ya babu mkubwa mwenyewe siwezi kuamua nikiwa huku, na anayewaambia anaweza, mkwepeni. Lakini mnajua pa kuanzia. Tafuteni barua yake ya mwisho, mtazame tarehe. Ikiwa ni ya mwisho wa 1336 au mwanzo wa 1337, basi kumbukeni ile homa kubwa ya mafua ya 1918 iliyopita nchi hizi na kuua watu wengi kwa majuma machache. Ndui ya simulizi huenda ni jina walilopewa watoto kwa ugonjwa wowote wa kuogofya. Ikiwa baada yake kuna barua za watu wengine wakimdai babu, someni wanavyomtaja ndugu yake: mwenye deni aliyekufa huombewa rehema kwanza ndipo deni litajwe, na aliyekimbia haombewi. Na ikiwa katika salamu za mwisho mwisho limeingia jina la mwanamke msilolijua, huenda mna jamaa zenu Kigoma, au Kasongo kule Kongo, nao wanasimuliana juu ya babu yao aliyetoka pwani na asirudi kwao.

Nitumie kwanza picha ya zile bahasha nne, mbele na nyuma. Na mnisalimie ami.